Bibi, Namba Yako Ngapi?

Mama mzazi wa mmoja wetu hapa, mwenye umri wa miaka 74, alikwenda kliniki ya macho katika hospitali moja kubwa mjini. Alifika saa moja na nusu asubuhi, maana amezoea tangu ujana wake kwamba anayewahi ndiye anayeonwa mapema. Akakaa kwenye benchi la mbele, akaweka kadi yake magotini, akasubiri kuitwa. Miaka yote aliyokwenda pale, mgonjwa alitumbukiza kadi yake katika kisanduku kilichokuwa dirishani, na karani akaziita kadi moja baada ya nyingine. Siku hiyo kisanduku hakikuwapo. Aliona watu wakiingia, wakisimama kidogo mbele ya kitu kama televisheni kilichowekwa karibu na mlango, kisha wakija kukaa. Yeye alidhani wanasoma matangazo.

Saa tano na robo muuguzi kijana alipita, akamwona bado yuko palepale.

"Shikamoo, bibi. Namba yako ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Namba gani?"

"Hujachukua namba pale kwenye mashine?"

"Mimi nimekuja na kadi yangu, hii hapa."

Muuguzi yule alikuwa na huruma. Alimshika mkono, akampeleka kwenye mashine, akambonyezea kioo, ikatoka karatasi ndogo yenye namba 87. Wakati huo daktari alikuwa na mgonjwa wa 41. Ilipofika saa nane mama aliinuka akaondoka, kwa sababu hakuwa amekula kitu, na dawa yake ya shinikizo la damu aliiacha nyumbani.

Hakumlaumu mtu yeyote. Jioni alisema tu kwamba hospitali siku hizi ni ya vijana, na kwamba yeye hatakwenda tena bila kupelekwa. Mama huyu alilea watoto saba, na kwa miaka 12 alitunza fedha za umoja wa wanawake wa usharika wake bila kupotea hata senti. Maneno yale yalituuma. Ndipo tukaona tuandike juu ya mashine hizi, kwa kuwa wengi wetu tuna wazazi na wakwe wa umri huo. Tena tuseme kweli, mama msomaji: wapo baadhi yetu ambao tukifika mbele ya kioo kile tunajifanya tunatafuta kitu mkobani, ili mwenzetu atangulie tuone anafanyaje.

Zilitoka wapi?

Mashine ya kumfanya mteja ajihudumie si mgeni kabisa kwetu. Iliyozoeleka kwanza ni ile ya kutolea fedha benki, ATM. Benki ya Barclays ilifungua ya kwake ya kwanza mtaa wa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967. Haikutumia kadi ya plastiki. Mteja aliingiza hati ya karatasi, akabonyeza namba yake ya siri, na akapewa paundi 10, si zaidi. Aliyeongoza kazi ya kuibuni, John Shepherd-Barron, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alikusudia namba ya siri iwe na tarakimu sita, kama namba yake ya jeshini. Wakiwa mezani jikoni alimwuliza mkewe, Caroline, naye akasema anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne. Laiti kila anayebuni mashine angemwuliza kwanza mkewe, au mama yake!

Kioo cha kugusa nacho kina historia yake. Mwaka 1965 mhandisi E. A. Johnson, aliyefanya kazi Malvern huko Uingereza, alieleza namna ya kutengeneza kioo kinachotambua kidole, na kazi aliyokifikiria ni ya kuwasaidia waongoza ndege. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliweka mashine ambayo mwanafunzi au mgeni aligusa kioo chake akapata habari za chuo. Kutoka hapo safari imekuwa ndefu. Leo katika nchi nyingi msafiri hujiandikisha mwenyewe uwanja wa ndege, mnunuzi hujihesabia bidhaa dukani, mwenye njaa huagiza chakula kwa kubonyeza picha ya chakula, na mgonjwa hujitangaza kwa kioo kwamba amefika. Huku kwetu tunakutana nacho zaidi benki, katika hospitali kubwa na katika ofisi za huduma, pale tunapochukua namba ya foleni.

Hatuandiki ili kuzipinga. Namba ya foleni imeondoa uonevu mwingi. Zamani aliyejuana na karani alipita mlango wa pembeni, na mwenye mabavu alisukuma wenzake. Sasa namba 20 ni namba 20, awe mke wa mkubwa au muuza mchicha. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kukaa badala ya kusimama saa mbili. Na nani kati yetu hajawahi kushukuru kwamba ATM haifungi siku ya Jumapili, mtoto anapougua baada ya ibada?

Lakini kuna jambo linalofichwa na kioo kile kinachong'aa. Kazi ya karani haikufutika. Ilihama. Zamani yeye ndiye aliyeuliza unataka nini, akatafuta fomu inayofaa, akaandika, akarekebisha ulipokosea. Siku hizi anayefanya hayo yote ni wewe mteja, bila mshahara na bila kufundishwa, huku watu wakikutazama mgongoni. Kijana hilo halimsumbui. Kwa bibi ni mtihani anaofanya hadharani.

Yaliyotokea Korea Kusini

Nchi moja iliyoonja jambo hili mapema na kwa ukubwa ni Korea Kusini, nasi tunaitaja kwa sababu waliyoyapitia wao yanaweza kutufika. Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara nchini humo kilipandishwa kwa asilimia 16.4, kikawa won 7,530 kwa saa. Wafanyakazi walifurahi, na walistahili. Lakini wenye migahawa wengi wakapiga hesabu, wakaona mashine ya kuagizia chakula ni nafuu kuliko mhudumu. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, watu wakaogopa kukaribiana, na mashine zikaongezeka zaidi. Wakati huohuo taifa hilo linazeeka. Desemba 2024 watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea walivuka asilimia 20 ya Wakorea wote.

Januari 2019 bibi mmoja anayependwa sana huko kwa video zake, Park Mak-rye, alionekana akijaribu kuagiza chakula kwa mashine. Alikuwa na umri wa miaka 71, ni mchangamfu, si mtu wa kuona haya. Maandishi yalikuwa madogo kwake, na mengine yako juu kuliko alivyoweza kufikia vizuri. Akiwa bado anatafuta, muda wa mashine ukaisha, kioo kikarudi mwanzo. Watu walicheka pamoja naye, lakini wengi walimwona mama yao pale.

Machi 2021 binti mmoja wa nchi hiyo aliandika habari iliyosomwa na maelfu. Mama yake alitamani kula hambaga, akaenda mgahawa wa karibu na nyumbani. Alihangaika na mashine kwa dakika 20, akashindwa, akarudi mikono mitupu. Alimsimulia binti yake kwa simu, na katikati ya kusimulia akalia, akasema wakati wake umekwisha. Hebu fikiri, mama aliyelisha familia maisha yake yote anashindwa kununua mkate wenye nyama, na fedha anazo mkononi!

Tulichojifunza kwao ni namna walivyoitikia. Vituo vya wazee viliweka mashine za kufanyia mazoezi, ambapo ukikosea hakuna aliye nyuma yako. Mwaka 2022 jiji la Seoul liliajiri watu, wakavaa vizibao vya rangi ya chungwa, wakawa wanazunguka vituoni na mitaani kuwasaidia wenye shida na mashine. Jiji hilo pia lilifanya kampeni ya kuwaambia wananchi kwamba si vibaya mtu kwenda polepole mbele ya mashine. Jambo hilo lilitugusa kuliko vizibao, kwa kuwa maneno yale hayakumlenga mzee pekee. Yalimlenga pia yule aliyesimama nyuma yake. Kinachotetemesha kidole cha mzee mara nyingi ni ile sauti ya mtu anayeguna foleni ikikwama. Je, sisi wenyewe hatujaguna?

Wengine walipunguza mwendo kwa njia yao. Uholanzi, duka kubwa la Jumbo katika mji wa Vlijmen lilifungua mwaka 2019 kaunta maalumu kwa wateja wasio na haraka, ambapo mhudumu anaruhusiwa kuongea nao taratibu. Lengo lilikuwa kupunguza upweke wa wazee, maana kwa baadhi yao yule muuza duka ndiye mtu pekee wanayezungumza naye siku nzima. Likafuata jingine na jingine. Uingereza, kampuni ya maduka ya Booths ilitangaza Novemba 2023 kwamba inaondoa mashine za kujilipia katika maduka yake yote isipokuwa mawili, ikarudisha watu kwenye kaunta. Hawa ni wafanyabiashara, si wamisionari. Waliona mtu bado ana thamani.

Sisi tunaye wakala

Huku Afrika Mashariki tumepata bahati moja ambayo hatuitambui. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, fedha ziliingia kwenye simu hata ya mama wa kijijini. Pamoja na simu akaja wakala katika kibanda chake, binadamu anayesalimiwa na kuulizwa watoto hawajambo. Bibi asiyejua kusoma alisema, "Mjukuu wangu amenitumia hela, hebu niangalizie," na akapata hela yake. Teknolojia iliingia ikiwa na mtu pembeni.

Lakini hapohapo ndipo ulipo mtego. Bibi aliyezoea kusaidiwa anamtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, watu wote wa kibandani wakisikia. Akifika kwenye ATM, anampa kadi yeyote aliye karibu.

Tunamfahamu mama mmoja mstaafu aliyepoteza pensheni yake ya miezi mitatu kwa njia hiyo. Kijana nadhifu, mwenye adabu, alimwambia, "Mama, nikusaidie?" Akamtolea shilingi alizotaka, akamrudishia kadi, akamtakia siku njema. Kadi aliyorudishiwa ilifanana na yake, lakini ilikuwa ya mtu mwingine. Yule kijana aliondoka na kadi halisi, na namba ya siri alikwisha kuiona. Mama hakuwaambia watoto wake kwa wiki tatu, kwa aibu. Laiti angesema siku ileile, benki ingefunga kadi kabla hazijachukuliwa zote.

Kwa hiyo, mama msomaji, zungumza na mzazi wako kabla hajaibiwa. Mwambie kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata mtu huyo akiwa amevaa sare ya benki. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala isiandikwe kwenye karatasi inayokaa na kadi. Akikwama kwenye mashine ya nje, abonyeze kitufe cha kufuta, achukue kadi yake na kuingia ndani kwenye kaunta. Akipokea kadi baada ya kusaidiwa, asome jina lililo juu yake, au ukiweza bandika alama ndogo ya rangi atakayoitambua. Na jambo kubwa kuliko yote, ajue kwamba akipoteza fedha hutamgombeza. Wazee wengi huficha kwa kuogopa ukali wetu.

Kumfundisha kidole

Mama wa yule mwenzetu tulimfundisha kwa majuma mawili, na tuliyoyaona tunayaandika hapa jinsi yalivyokuwa.

Kwanza tulishangaa kwamba kioo kilikuwa kinamkataa. Alibonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama anayekanda unga, bado hakuna kitu. Baadaye tulielewa. Vioo vingi vya siku hizi, vya simu na vya mashine, havisikii uzito wa kidole. Vina umeme mdogo sana uliotandazwa juu yake, na ngozi yenye unyevu inapokigusa, umeme huo hubadilika mahali hapo, mashine ikajua umegusa wapi. Ukucha hauna unyevu huo. Kidole kikavu chenye sugu za jembe na mwiko hutambulika kwa shida. Kumbe mikono iliyofanya kazi zaidi ndiyo inayokataliwa! Dawa yake ni ndogo: atumie nyama ya kidole, si ncha ya ukucha, akipaka mafuta kidogo mapema na kuyafuta, ngozi inalainika, aguse mara moja kwa wepesi, kisha angoje. Akigusa mara tatu mfululizo kwa wasiwasi, mashine hudhani ametaka vitu vitatu.

Zipo mashine nyingine, hasa za zamani, ambazo kweli hutaka kusukumwa. Basi kama mguso mwepesi haukusaidia, aongeze nguvu kidogo.

Pili, tulijifunza kutomshika kidole. Mwanzoni kila alipochelewa, mmoja wetu alinyoosha mkono akambonyezea. Tukadhani tunasaidia. Siku ya nne akasema, "Mkinifanyia ninyi, nitajua lini?" Tangu hapo tulisimama kando tukafunga midomo, na kufunga midomo kuligeuka kuwa kazi ngumu kuliko kufundisha.

Tatu, lugha. Mashine nyingi za benki na za foleni huku kwetu hutoa nafasi ya kuchagua Kiswahili, lakini kitufe chake huonekana mwanzoni tu, kwa muda mfupi. Tulimfundisha kukitafuta hicho kwanza kabla ya lolote. Tulimwambia pia kwamba kioo kikirudi mwanzo si kwamba ameharibu kitu. Kimechoka kungoja tu. Alicheka sana kusikia mashine nayo haina subira.

Na kwa akina mama wenye watoto wadogo, neno moja la pembeni. Novemba 2018 gazeti la Metro la Uingereza lilipeleka kwa wataalamu sampuli zilizofutwa kwenye vioo vya kuagizia chakula katika migahawa minane ya McDonald's, na vyote vilikutwa na vijidudu vya aina inayotoka tumboni na chooni. Si ajabu, maana vinaguswa na kila mtu. Akishagusa kioo, mtoto anawe mikono kabla ya kula. Basi.

Wasioona kabisa

Torati iliwakataza Waisraeli kumtegea kipofu kitu cha kumwangusha njiani. Tulikumbuka agizo hilo tulipotambua kwamba mashine ile imewekwa mlangoni mwa kliniki ya macho! Kitufe cha zamani kilikuwa na umbo, asiyeona alikipapasa akakijua. Kioo ni laini kote, papasa upapasavyo hupati kitu. Nchi nyingine zimeweka sheria. Marekani iliamua mwaka 2013 kwamba angalau robo ya mashine za kujiandikishia safari katika viwanja vyake vya ndege ziweze kutumiwa na walemavu. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, inayogusa mashine mpya za kutolea fedha, za tiketi na za kujihudumia. Mashine inaweza kutengenezwa iseme, iwe na sehemu ya kuchomeka visikizio, na ishuke kimo cha mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Hospitali au benki inaponunua, inaweza kuuliza hayo. Wengi hawaulizi kwa sababu hakuna mteja aliyewauliza wao.

Sisi tuliona tuulize. Akina mama kumi na mmoja wa umoja wetu waliandika barua kwa uongozi wa hospitali ile, bila maneno makali. Waliomba mambo matatu: mtu mmoja asimame karibu na mashine kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, wakati wazee wengi wanapofika, maandishi ya kioo yakuzwe, na kisanduku cha kadi kirudishwe kwa wasioweza. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri. Mpaka tunapoandika haya majibu hayajaja, nasi tutawakumbusha.

Ila jambo moja limebadilika. Mama aliporudi kliniki Jumanne ya juzi, alikuta mlinzi wa mlangoni ameanza kumwuliza kila mzee anayeingia, "Shikamoo, umeshachukua namba?" Hakuna aliyemwagiza. Mama akamjibu, "Marahaba, baba, acha nichukue mwenyewe." Aligusa mara ya kwanza, ikakataa. Akafuta kidole kwenye kanga, akagusa tena. Ikatoka namba 9. Nyuma yake palikuwa na kijana ameshika simu, akangoja.